Mafundi watatu, bei tatu, na mmoja wao ni shemeji

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla jambo la ukuta na vigae halijageuka jambo la ndoa.

Mimi na mume wangu tunakaa na watoto katika nyumba ya zamani tuliyoinunua. Haina ghorofa, ila upande wa jiko na bafu una slabu ya zege, na juu yake limekaa tangi la maji la lita 2,000. Tunataka mambo mawili. Kwanza, kubomoa ukuta unaotenganisha jiko na sebule ili pawe sehemu moja. Pili, kulitengeneza bafu upya, kwa sababu ukuta wa chumba cha kulala uliopakana nalo unabanduka rangi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na kila tukiupaka unabanduka tena. Bafu ni hilo hilo moja, na choo kimo humo humo.

Tumeita mafundi watatu. Wa kwanza aliugonga ukuta kwa vidole, akasema ni wa kugawa vyumba tu, haubebi kitu. Alituandikia karatasi moja yenye jumla ya fedha na maneno "ukarabati wa jiko na bafu". Bei yake ndiyo ya chini kuliko zote. Yuko tayari kuanza wiki ijayo, lakini anataka asilimia 60 mkononi akanunue vifaa.

Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ni mwashi hodari, lipu yake imenyooka, na kila aliyemjengea anamsifu. Bei yake ni ya katikati, ila ameitaja kwa mdomo tu. Nilipomwomba aandike alicheka, akasema, "Shemeji, sisi ni ndugu, tuandikiane nini?" Mume wangu aliona nimemvunjia heshima mdogo wake.

Wa tatu ni kampuni. Wametuletea kurasa sita, kila kitu kimeorodheshwa, na bei yao inazidi ya yule wa kwanza kwa nusu. Wanataka asilimia 15 ya kuanzia, na hawana nafasi mpaka baada ya miezi miwili. Kwenye vigae, sinki, koki na makabati wameandika "kadirio".

Moyo wangu uko kwa kampuni, kwa sababu mtu anayeandika kurasa sita hawezi kuwa tapeli. Mume wangu anasema tutawapa wageni fedha ambazo zingebaki kwenye ukoo, na kwamba ndugu hawezi kutudhulumu. Na bei ya yule wa kwanza inatuvuta sote wawili, maana akiba yetu inamtosha na kubaki, wakati kwa kampuni inatosha kwa taabu. Nikimkubali shemeji na kazi ikaharibika, nitamwambiaje? Nikimkataa, nitakaaje na wakwe? Nimchague yupi?

Ni mimi, niliye njia panda

Dada yangu mpendwa,

Pole kwa mvutano huo. Unaona haya kwamba nyumba inawagombanisha, lakini fedha za akiba, ukoo na bafu moja la familia nzima vikikutana mahali pamoja, hata wapendanao sana hukwaruzana.

Umeuliza umchague yupi. Naomba tuanzie mbali kidogo, kwa sababu bei tatu ulizo nazo si za kazi moja. Wa kwanza ametoa bei ya kazi ambayo hakuieleza. Shemeji ametoa bei ya kazi aliyo nayo kichwani. Kampuni imetoa bei ya kazi iliyoandikwa, ila penye vitu vinne vinavyoweza kula fedha nyingi wameacha kadirio. Ukizilinganisha hivyo zilivyo, hutajua kama wa kwanza ni nafuu kweli au ameacha nusu ya kazi nje.

Tazama ule ukuta unaobanduka rangi. Kwa maelezo yako, hakuna aliyekwambia maji yanatoka wapi. Yanaweza kutoka kwenye bomba la maji safi lililofukiwa ukutani, au kwenye sakafu ya bafu na bomba lake la maji machafu, au yakawa unyevu unaopanda kutoka ardhini, na tiba za matatu hayo hazifanani. Anza na la ardhini, maana kuliangalia ni bure: je, kuna kuta nyingine za chini, mbali na bafu, zinazobanduka kwa kimo hicho hicho, zikitoa unga mweupe wa chumvichumvi, na hali huzidi wakati wa mvua? Kama ndivyo, bafu jipya halitauponya ukuta huo. Kama ni huo mmoja tu, mwite fundi bomba mwenye pampu ya kupimia presha. Atalitenga bomba la bafuni, atalijaza maji kwa presha na kutazama mshale wa geji. Ukishuka huku koki zote zimefungwa, bomba linavuja. Kupima kwa kutazama kina cha maji kwenye tangi hakusaidii sana hapa. Tangi la ukubwa wenu ni pana, sentimita moja ya kina ni zaidi ya lita 10, kwa hiyo mvujo wa matone hauonekani kwa usiku mmoja. Bomba likiwa salama, kinachobaki kushukiwa ni sakafu na bomba la maji machafu.

Hapo kwenye sakafu ndipo mabafu mengi mapya huharibika. Watu hudhani vigae na grauti, ule ujazo wa viungo kati ya vigae, huzuia maji. Havizuii. Maji hupenya kwenye viungo, huteremka chini ya vigae, kisha husafiri pembeni mpaka yapate ukuta wa kunywa. Kinachozuia ni tabaka la dawa ya kuzuia maji linalopakwa kabla ya vigae: mipako miwili, wa pili ukikatisha mwelekeo wa wa kwanza, kitambaa maalumu kikilazwa kwenye pembe zote, na dawa ipande ukutani angalau sentimita 15 kuzunguka chumba chote, na mahali pa kuogea ifike kama sentimita 180. Sakafu iteremke kuelekea mdomo wa bomba kwa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Dawa ikishakauka, mdomo wa bomba huzibwa, maji humwagwa yakasimama sentimita mbili au tatu, alama ya penseli huwekwa ukutani, na huachwa saa 24. Kina kikishuka au chumba cha pili kikionyesha unyevu, vigae havibandikwi. Gharama ya jaribio hilo ni maji na siku moja tu, lakini fundi mwenye haraka huliruka kwa sababu vigae vikishakaa hakuna atakayejua mpaka rangi ianze kubanduka tena.

Ukuta wa jikoni ndio unaonitia wasiwasi zaidi, na hapa nitasema wazi. Kuugonga ukuta kwa vidole hukwambia umejengwa kwa kitu gani, hakukwambii umebeba nini. Lita 2,000 za maji ni tani 2 tangi likijaa. Zege nalo lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo slabu ya unene wa sentimita 12 tu ni kama kilo 290 kwa kila mita ya mraba. Uzito huo umekaa juu ya kitu fulani, na kwa jinsi ulivyoeleza, ukuta huo uko upande huo huo wa slabu. Inawezekana kweli haubebi. Ila atakayesema hivyo awe mhandisi wa majengo aliyeipanda slabu na kuitazama, mnayemlipa ninyi wenyewe, si anayelipwa na fundi. Ukiwa unabeba, atawachorea boriti ya zege au ya chuma, na mchoro utasema idadi na unene wa nondo, boriti ikalie ukuta kiasi gani kila upande (chini ya sentimita 15 ni haba), na nguzo za muda zisimamishwe wapi kabla ya tofali la kwanza kutolewa. Tangi nalo liwe tupu siku hizo. Boriti ikiwa ya zege, kumbuka kwamba nguvu za zege huhesabiwa kwa siku 28, na mhandisi ndiye aseme nguzo zitolewe lini. Anayeahidi kumaliza ukuta wa namna hiyo kwa wiki moja hajazihesabu siku hizo. Mwulizeni pia mhandisi kama kubomoa kunahitaji kibali cha mamlaka ya mahali mnapoishi.

Mkishajua maji yanatoka wapi na ukuta unabeba nini, iandikeni kazi yenu ninyi wenyewe. Kurasa mbili zinatosha: mchoro wenye vipimo, sinki na jiko la kupikia vitakaa wapi, soketi ngapi na kwa urefu gani, taa ngapi, bomba zipi zibadilishwe na zipi zibaki, dawa ya kuzuia maji na jaribio la saa 24, nani anabeba kifusi, nani ananunua nini. Jiko la umeme liwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme. Waya wa milimita 6 za mraba ndio wa kawaida kwa jiko, wakati soketi huvutiwa wa 2.5, na fundi umeme athibitishe kwa kuangalia nguvu ya jiko lenyewe na umbali wake. Ukuta utakaobomolewa kwa kawaida una swichi na waya ndani yake, nazo lazima ziandikwe zitahamia wapi. Karatasi hiyo hiyo wapeni wote watatu, shemeji akiwemo, kila mmoja aweke bei mbele ya kila kipengele. Halafu angalieni maswali watakayouliza. Kwangu mimi maswali ya fundi yana uzito kuliko picha za kazi zake kwenye simu. Anayeuliza bomba la maji machafu lina mteremko gani sasa hivi ameshaanza kuifikiria kazi.

Sasa tuwatazame hao watatu, na uniruhusu niguse baadhi ya mambo uliyoyaandika kwa uhakika.

Yule wa kwanza si lazima awe tapeli kwa kuwa nafuu, na huenda anaomba asilimia 60 kwa sababu hana mtaji wala duka linalomkopesha. Hatari yenyewe iko kwenye hesabu. Kubomoa ndiyo sehemu ya kwanza na ndiyo rahisi kuliko zote. Akisimama baada ya hapo, mtakuwa na nyumba iliyobomolewa, na asilimia 40 ya fedha kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa bado haijaguswa. Mnaweza kumwambia kwamba vifaa mtavilipia dukani wenyewe, yeye akiwepo kuchagua, risiti iwe kwa jina lenu na mzigo ushushwe nyumbani kwenu. Akikubali, hofu moja imepungua. Akikataa, mwulizeni kwa nini, na msikilize jibu kwa makini. Njia hii nayo ina mzigo wake, kwa kuwa kifaa kikipungua siku ya kazi, mafundi watakaa bure kwa gharama yenu, na kitu kikiharibika atasema vifaa vyenu vilikuwa vibovu. Vigae chukueni asilimia 10 zaidi ya eneo lililopimwa, kwa ajili ya vipande na kuvunjika, na hakikisheni namba ya toleo kwenye maboksi yote ni moja, maana rangi ya toleo moja na jingine hupishana.

Kuhusu kampuni, kurasa sita ni jambo jema, lakini hazithibitishi uaminifu, wala ustadi. Zinathibitisha kwamba wana mtu ofisini anayejua kuandika. Kila penye neno "kadirio", ombeni waseme ni kadirio la kitu gani: kigae cha bei gani kwa mita ya mraba, makabati ya mbao gani na mita ngapi. Waulizeni pia: tukichagua cha bei ya chini, tofauti inarudi kwetu? Cha juu, mnaongeza na faida yenu juu yake? Kisha waulizeni nani hasa atakuja kazini, vibarua wa kampuni au mafundi wa kukodi, na msimamizi atafika mara ngapi kwa wiki. Kampuni yenye kazi nyingi inaweza kukupa mafundi wazuri siku ya kwanza na kuwahamishia kwingine siku ya nne. Ile miezi miwili ya kusubiri isikukere sana, kwa kuwa mhandisi na fundi bomba watahitaji sehemu yake.

Kuhusu shemeji, sina sababu ya kumtilia shaka ustadi wake. Swali langu ni la kazi ipi. Lipu na tofali ni eneo lake, lakini sehemu za hatari za kazi yenu ni boriti, bomba, waya na dawa ya kuzuia maji. Nani atazifanya? Anaweza kuisimamia kazi yote na kuwaleta fundi bomba na fundi umeme, au akachukua uashi tu na mengine yakaenda kwa mwingine. Hilo la pili linawapendeza wengi kwa sababu kila mtu anapata kipande chake, lakini hasara yake huja kwenye maungio. Fundi bomba ataweka mdomo wa maji machafu, shemeji atamwaga sakafu, mwingine atabandika vigae, na maji yakituama pembeni kila mmoja atamnyooshea kidole mwenzake. Mkienda njia hiyo, mtu mmoja aandikwe kwa jina kuwa ndiye anayeikabidhi sakafu ya bafu ikiwa imekamilika na maji yanaondoka.

Kwa wote watatu, ombeni kwenda kuona bafu waliyoitengeneza zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Kazi ya mwezi jana huwa nzuri daima. Gongeni vigae kwa sarafu, hasa pembeni: kinacholia kama kuna uwazi chini yake hakikushika vizuri. Tazameni ukuta wa chumba cha pili. Mwulizeni mwenye nyumba, faraghani, ni kitu gani kiliharibika na fundi alifanya nini baada ya hapo. Karibu kila kazi huwa na kitu kilichoharibika, na mwenendo wa fundi siku hiyo ndio mnaoutafuta.

Yeyote mtakayemchukua, fedha ziifuate kazi. Mpangilio mmoja unaoweza kuzungumzwa ni huu: asilimia 10 vifaa vya kwanza vikifika nyumbani, 20 boriti ikiwa imekaa na mhandisi ameikubali, 25 bomba na waya vikiwa vimepimwa kabla ya kufunikwa na lipu, 20 baada ya jaribio la maji na vigae vya bafu, 15 siku ya makabidhiano, na 10 za mwisho zibaki mikononi mwenu kwa miezi sita, ikiwezekana zipite na msimu wa mvua. Asilimia zinaweza kusogezwa, ila hiyo 25 ya katikati shikeni. Bomba likishafukiwa bila kupimwa, hamna tena namna ya kujua bila kuvunja. Badiliko lolote njiani, hata soketi moja, liandikwe na bei yake kabla ya kufanywa. Na kwa nyumba ya zamani wekeni pembeni kama asilimia 15 ya bei kwa yatakayofichuka ukuta ukifunguliwa. Ukiiongeza hiyo kwenye bei ya kila mmoja, huenda hesabu ya akiba yenu ikasomeka tofauti.

Narudi kwa mumeo. Anasema ndugu hawezi kuwadhulumu, na huenda ni kweli kabisa. Lakini nikisoma barua yako, hofu yako si dhuluma. Unaogopa kazi kuharibika halafu usiwe na pa kusemea. Hayo ni mambo mawili, na inawezekana mnabishana kila mmoja juu ya lake. Yeye analinda heshima ya mdogo wake, wewe unalinda akiba na nyumba. Jaribu kumweleza hivyo, bila kumtaja fundi yeyote, uone atakavyojibu.

Karatasi nayo inamlinda shemeji kuliko mnavyodhani. Katika kazi za ndugu, anayeumia mara nyingi ni fundi: anaongezewa soketi mbili, rafu moja, ukuta wa nje kidogo, na hawezi kumdai kaka yake. Mumeo ndiye angefaa kumpelekea, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba mafundi wote watatu wamepewa karatasi ile ile na kwamba ndani yake imeandikwa pia kile ambacho ninyi hamtamwomba bure. Na kama mtaona kazi hii si yake, aambiwe mapema na kaka yake, kwa sababu ya boriti na bomba, tabia yake isiguswe. Kukaa kimya mpaka aone gari la kampuni mlangoni ndiko kutakakowaumiza wakwe.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Choo ni kimoja na kimo ndani ya bafu litakalobomolewa. Kubomoa, kupitisha bomba, kumwaga sakafu, kusubiri ikauke, dawa, jaribio, vigae na grauti, hilo si jambo la siku mbili tatu. Mwulize kila mmoja wa hao watatu, mumeo akiwepo: choo kitakuwa hakitumiki kuanzia siku gani hadi siku gani, na mtatuwekea nini cha muda? Majibu yao yaandikeni kwenye karatasi ile ile, mbele ya jina la kila mmoja.

Mshauri wako